Jinsi ya kufuatilia ukoo wa walowezi waliohamia magharibi mwa Marekani, hatua kwa hatua

Huku Marekani Waswahili wengi tumeoa na kuolewa na Wamarekani, na watoto wetu upande mmoja wanajua ukoo hadi babu wa tano maana bibi kule Tanga au Kisumu anautaja wote bila kusoma popote, ila upande wa pili mtoto anaambiwa tu "watu wetu walitoka Virginia wakaishia Kansas" basi, stori imeishia hapo. Mimi hilo linaniuma kweli, kwa sababu nyaraka zipo, nyingi ziko onlaini bure kabisa, na hiyo sentensi moja ya Virginia na Kansas inaweza kufunguka ukapata majina, mashamba, mito waliyovuka na makaburi waliyoacha njiani.

Kabla ya hatua zenyewe shika kitu kimoja, maana mwongozo wote umesimama hapo: usikimbize jina, fuata shamba na fuata majirani. Jina kila karani aliliandika vile alivyolisikia, alafu kaunti moja unakuta kina John Smith watano. Shamba lina mahali pake, na majirani hawabadiliki wote kwa mpigo.

Mfano nitakaoutumia ni ukoo wa Abraham Lincoln, yule rais wa 16, kwa sababu nyaraka zao zimeshachimbwa zote na wao wenyewe walikuwa wakulima wa kawaida wa kuhamahama: Massachusetts, New Jersey, Pennsylvania, Virginia, Kentucky, Indiana, Illinois. Ukielewa jinsi wao walivyofuatiliwa, wa kwako utawaweza.

HATUA YA 1: Anza na walio hai

Kaa na wazee wa upande huo, rekodi kwa simu, waulize walizaliwa wapi, wazazi wao walizikwa wapi, nani alikuwa jirani, kanisa gani. Watu huwa wanauliza lini lini lini, we uliza WAPI, maana ukiwa na kaunti umepata nusu ya kazi. Omba uione Biblia ya familia, huko walikuwa wanaandika vizazi na vifo kwenye kurasa za katikati. Piga picha nyuma ya picha za zamani, wengi waliandika pale jina na mji.

Alafu rudi nyuma kizazi kimoja kimoja. Usiruke. Mtu anasikia ukoo wao unatokana na Daniel Boone, yule mfyeka njia maarufu wa kwenda Kentucky, anaanza na Boone kushuka chini, matokeo yake anaunganisha familia ambazo hazijawahi hata kukutana.

HATUA YA 2: Sensa, na jinsi ya kuisoma

Marekani wamehesabu watu kila miaka 10 tangu 1790. Majina yanafungwa kwa miaka 72, kwaiyo ya karibuni iliyo wazi ni ya 1950, ilifunguliwa Aprili 2022. Fungua akaunti ya bure FamilySearch (ni ya kanisa la Watakatifu wa Siku za Mwisho, wale wenye maktaba kubwa ya ukoo Salt Lake City, na hauhitaji kuwa muumini wao), anza 1950 rudi nyuma: 1940, 1930, mpaka 1900. Hiyo ya 1900 ni tamu sana maana inataja mwezi na mwaka wa kuzaliwa, miaka ya ndoa, na mama kazaa watoto wangapi na wangapi wako hai.

Ya 1890 karibu yote imepotea kwa sababu ya moto wa 1921 pale Washington, kwaiyo utaruka kutoka 1900 hadi 1880, na hiyo miaka 20 katikati ndo miaka ambayo watu walikuwa wanamiminika Nebraska, Dakota na Oklahoma. Ziba pengo na magazeti ya zamani (Maktaba ya Bunge la Marekani wanayo ya bure, yanaitwa Chronicling America) na hati za ardhi ambazo nakuja nazo.

Sensa ya 1880 inataja kila mtu ana uhusiano gani na mkuu wa kaya na wazazi wake walizaliwa jimbo gani. Ya 1850 ndo ya kwanza kuandika jina la kila mtu huru na mahali alipozaliwa, na hapo uwe na macho. Tuseme umekuta kaya Iowa mwaka 1850, baba kazaliwa Virginia, mama Kentucky, mtoto wa miaka 16 kazaliwa Kentucky, wa miaka 13 Indiana, wa miaka 11 Indiana, wa miaka 7 Illinois, wa mwaka 1 Iowa. Hebu tulia hapo usome tena. Hao watoto wamekuchorea ramani ya safari na tarehe zake: Kentucky walitoka kati ya 1834 na 1837, Indiana walikuwepo mpaka 1839 hivi, Illinois 1843, Iowa walifika kabla ya 1849. Huyo wa miaka 13 na huyo wa miaka 7 wanakwambia ukatafute hati za kaunti gani, miaka gani. Hamna haja ya kubahatisha.

Kabla ya 1850 mambo ni magumu, 1790 hadi 1840 wanaandika jina la mkuu wa kaya tu, wengine wote ni tarakimu kwenye visanduku vya umri na jinsia. Usizidharau hizo tarakimu. Ukikuta mwanamke mmoja wa umri wa miaka 60 na kitu kwenye kaya ya kijana, inawezekana kabisa ni mama yake mjane, na hiyo inakwambia baba alishakufa, nenda katafute mirathi.

Na kama ukoo unaoutafuta ni wa watu weusi waliokuwa utumwani, sensa za 1850 na 1860 zina orodha tofauti ambayo inataja jina la mmiliki tu, na watu wenyewe wameandikwa umri, jinsia na rangi bila majina. Inaumiza kuisoma. Sensa ya kwanza kuwataja wote kwa majina ni ya 1870, kwaiyo hiyo ndo nguzo yako, na nitarudi kwenye hilo.

HATUA YA 3: Jua barabara walizopita na mipaka ya kaunti

Watu hawakutawanyika ovyo. Kwa mwanzo wa 1700 na kitu hadi vita vya uhuru, wengi waliingilia Philadelphia wakashuka kusini-magharibi kwa ile Great Wagon Road, kupitia bonde la Shenandoah kule Virginia mpaka Carolina. Kuanzia 1775 Boone na wenzake walipofyeka njia ya kupita kwenye pengo la milima la Cumberland, watu wakaanza kumiminika Kentucky na Tennessee. Barabara ya serikali, National Road, ilianza kujengwa 1811 pale Cumberland, Maryland ikafika mto Ohio kule Wheeling 1818. Mfereji wa Erie ulifunguliwa 1825, ndo maana ukikuta familia Michigan miaka ya 1830 watu wake mara nyingi ni wa New York na New England. Alafu kuanzia miaka ya 1840 ile safari ya Oregon, kama maili 2,000 kutoka Missouri, miezi minne hadi sita na magari ya maksai, hadi reli ilipounganishwa Utah tarehe 10 Mei 1869 safari ikawa siku kadhaa tu.

Kwaiyo ukiwa na mtu Missouri wa 1840 aliyezaliwa North Carolina, usitafute katikati kila mahali, angalia Tennessee na Kentucky kwanza.

Sasa mipaka. Hapa ndo watu wengi wanakwama bila kujua. Kaunti zilikuwa zinakatwa kila baada ya muda, familia ikae palepale kwenye kibanda chake lakini hati zake ziwe kaunti tatu tofauti. Lincoln alizaliwa 12 Februari 1809 kaunti ya Hardin, Kentucky, leo ukienda pale utaambiwa ni kaunti ya LaRue, iliyokatwa 1843. Walihamia Indiana Desemba 1816 wakaingia kaunti ya Perry, 1818 sehemu hiyohiyo ikawa Spencer. Na Kentucky yenyewe kabla ya 1792 ilikuwa Virginia, kwaiyo hati za awali angalia na za Virginia pia. Maktaba ya Newberry ya Chicago ina ramani ya mipaka yote ya kaunti kwa tarehe, ni bure, iweke wazi pembeni muda wote unaofanya kazi.

HATUA YA 4: Ardhi

Hapa tulia, maana walowezi walihama kwa ajili ya ardhi na serikali ikaandika karibu kila kipande.

Kwanza jua uko jimbo la aina gani. Majimbo 13 ya mwanzo pamoja na Kentucky, Tennessee, Vermont, Maine, West Virginia na Texas yaligawa ardhi yenyewe, hati ziko kwenye hifadhi ya nyaraka ya jimbo. Kusini huko mipaka walipima kwa miti na vijito: kutoka mwaloni mweupe, nenda mpaka kwenye kijito, fuata kijito mpaka kwenye shamba la fulani. Mti ukianguka mpaka umepotea. Kentucky vipande vilikuwa vinapandana, watu wawili watatu wana hati ya udongo uleule, na Thomas Lincoln, baba yake rais, alisumbuliwa na kesi za hati kwenye mashamba yake mpaka akaamua kuvuka mto Ohio. Lincoln mwenyewe aliandika kwamba waliondoka kwa sababu ya utumwa kiasi, ila hasa kwa ugumu wa hati za ardhi.

Kuna kitu kingine hapo cha kujifunza. Babu yake, naye Abraham, aliuawa shambani Kentucky 1786 bila wosia, na kwa sheria ya Virginia ya wakati ule shamba lilikwenda kwa mtoto wa kiume wa kwanza, Mordecai. Thomas alikuwa mdogo wa mwisho kwa wavulana, hakupata kitu. Ukiona mmoja kabaki na wadogo wamesambaa magharibi, angalia kwanza sheria ya mirathi ya jimbo na mwaka huo.

Ohio kwenda magharibi ni ardhi ya serikali kuu. Tangu 1785 waliipima kwa miraba: taunshipu moja maili 6 kwa 6, ndani yake seksheni 36, kila seksheni ekari 640. Hati za kwanza za kumilikisha ziko kwenye tovuti ya idara ya ardhi ya serikali, glorecords.blm.gov, bure. Fanya hivi:

Chagua jimbo, weka jina la ukoo peke yake, acha la kwanza wazi maana wengine waliandikisha kwa herufi tu. Ukimpata fungua picha ya hati, nakili taunshipu, renji (namba ya safu ya taunshipu, mashariki au magharibi) na seksheni. Alafu rudi kwenye ukurasa wa kutafuta, FUTA jina, acha taunshipu na renji, tafuta tena. Sasa hivi una majirani wote walionunua pale. Orodha hiyo ihifadhi kama dhahabu, utaitumia hatua ya 6.

Angalia pia hati imetolewa kwa sheria gani, maana kila sheria ina faili lake na utamu wake. Kabla ya 1820 waliuza dola 2 kwa ekari kwa mkopo, Thomas Lincoln mwaka 1817 aliandikisha ekari 160 ofisi ya ardhi ya Vincennes, Indiana, mwisho alirudisha nusu akabaki na 80 alizomaliziana nazo 1827. Baada ya 1820 ni dola 1.25 taslimu, na faili la mtu aliyelipa taslimu huwa jembamba, risiti tu. Waliopata ardhi kwa ajili ya kupigana vita ya 1812 na Uingereza wanakupeleka kwenye faili la jeshi. Oregon kwa sheria ya 1850 mume na mke waliokuwa wameshafika kufikia Desemba mwaka huo walipewa ekari 640 na nusu ikawa kwa jina la mke mwenyewe, na faili linataka tarehe na mahali walipofunga ndoa, kwaiyo ndoa iliyofungwa Missouri na mahakama ikaungua unaweza kuikuta imeandikwa Oregon.

Faili tamu kuliko yote ni la Homestead, sheria ya 1862, ekari 160 kwa aliyekaa na kulima miaka mitano. Mwanamke asiye na mume na mjane waliruhusiwa, na mgeni aliyeomba uraia pia, kwaiyo karatasi zake za uraia zimo mle ndani. Mle utakuta nyumba ina ukubwa gani, madirisha mangapi, kisima, ekari ngapi zimelimwa, amepanda nini, wana watoto wangapi, na majina ya mashahidi. Hati ile ya onlaini ni ukurasa mmoja tu, faili lenyewe liko Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa (National Archives) na unaagiza kwa fomu NATF 84 ukiwajazia hizo namba ulizonakili. Ukiagiza faili moja tu maishani agiza hilo.

Na ardhi hii ilikuwa ya watu. Washawnee, Wamiami, Wadelaware, Wacherokee na mataifa mengine mengi ya wenyeji waliondolewa kwa mikataba ya kulazimishwa na kwa sheria ya 1830, wengine wakafia njiani. Andika kwenye kumbukumbu za familia yako shamba lile lilikuwa la taifa gani kabla ya hati. Na ile stori ya "bibi yetu alikuwa Mcherokee" iliyojaa kwenye familia za Kimarekani, usiiandike kama kweli mpaka umeikuta kwenye orodha, kwa yale mataifa matano ya Oklahoma anza na orodha za Dawes, yaani orodha za serikali za watu wa mataifa hayo, za 1898 hadi 1914.

HATUA YA 5: Mahakama ya kaunti

Wosia, mirathi, hati za mauzo, ndoa. FamilySearch wameskani nyingi, na sasa kuna kutafuta kwa maneno ndani ya maandishi ya mkono, ijaribu kabla hujaanza kupekua ukurasa kwa ukurasa.

Wanawake ndo wanapotea kwenye ukoo wa walowezi, na hapa ndo wanapatikana. Mume akiuza shamba, mke alikuwa na haki yake ya ujane kwenye ardhi hiyo, kwaiyo alihojiwa peke yake na jina lake la kwanza likaandikwa. Familia ikiuza shamba mara nyingi ni dalili wako mbioni kuhama, na hati nyingine inataja kabisa wauzaji "wa kaunti fulani, jimbo la Missouri", yaani walishafika wakatuma hati kumalizia. Kwenye ndoa usiishie kwenye tarehe, tafuta karatasi ya dhamana (ahadi ya pesa kwamba hamna kizuizi cha ndoa), na mdhamini muda mwingi ni baba au kaka wa bibi harusi. Wazazi wa Lincoln, Thomas na Nancy Hanks, walioana 12 Juni 1806, na dhamana ilisainiwa na Thomas pamoja na Richard Berry, mlezi wa Nancy. Watu walitafuta hiyo ndoa kaunti ya Hardin walikokaa, hawakuona kitu, wakaanza kusema maneno mabaya juu ya mama wa watu, kumbe ilikuwa kaunti ya Washington, kwa kina Berry. Ndoa hufungwa kwa kina bibi harusi, tafuta huko.

HATUA YA 6: Majirani na wakwe

Watu walihama kwa makundi. Familia ya Lincoln ilipotoka Indiana kwenda Illinois Machi 1830 walikuwa pamoja na ndugu na wakwe zao, kina Hanks, kina Hall na kina Johnston, na John Hanks alishatangulia kaunti ya Macon. Sasa chukulia Thomas hana hata karatasi moja inayosema alitoka wapi, ila ukifuata kina Hanks na Johnston wanakurudisha Elizabethtown, Kentucky moja kwa moja.

Kwaiyo chukua ile orodha ya majirani wa ardhi, ongeza majirani kumi juu na kumi chini kwenye sensa, ongeza mashahidi wa wosia na wadhamini wa ndoa. Majina yanayojirudia ndo kundi. Nenda kwenye jimbo unalolihisi walitoka, tafuta kaunti yenye majina matatu manne ya hao watu kwa wakati mmoja. Ukikuta hiyo kaunti, mtu wako yupo humo. Mimi kwa maoni yangu hii ndo njia yenye nguvu kuliko zote, na watu wanaiacha kwa sababu ina kazi.

HATUA YA 7: Kanisa na jeshi

Fupi tu. Quaker (hao hao Friends waliofika Kaimosi, Kenya 1902) walikuwa wanatoa barua ya kuhama kila muumini akitoka mkutano mmoja (ndivyo wanavyoliita kanisa lao la mahali) kwenda mwingine, kwaiyo kama ukoo ni wa Quaker una bahati kubwa. Baptisti nao walikuwa na barua. Upande wa jeshi omba faili la pensheni, hasa la mjane, maana alitakiwa athibitishe ndoa na watoto, na wengine walichana kurasa za Biblia wakazituma Washington, ziko humo mpaka leo.

Watu weusi: benki ya Freedman's, benki ya watumwa walioachiwa huru, 1865 hadi 1874, ilikuwa inaandika wazazi, ndugu na mahali pa kuzaliwa pa mteja. Na usidhani walowezi wote walikuwa weupe. Nicodemus, Kansas ilianzishwa 1877 na watu weusi wa Kentucky, wengi wa eneo la Georgetown, kaunti ya Scott, kwaiyo ukimpata mtu kaunti ya Graham, Kansas 1880, mtafute huko Scott, Kentucky 1870. George Bush, mtu mweusi aliyekwenda Oregon 1844, alikataliwa kukaa huko kwa sheria ya rangi akavuka mto Columbia, na shamba lake likathibitishwa kwa sheria maalum ya bunge 1855. Wa namna hii watafute mpaka kwenye sheria za bunge.

HATUA YA 8: Hakiki kabla ya kuunganisha

Miti ya ukoo ya onlaini ichukulie kama fununu, hata kama watu mia wameandika kitu hichohicho, maana wamenakiliana. Kila kiungo kati ya mzazi na mtoto kiwe na hati yake. "Senior" na "Junior" zamani ilimaanisha tu mkubwa na mdogo wa jina hilo pale kijijini, wanaweza kuwa mtu na mjomba. Tarehe za Januari hadi 24 Machi kabla ya 1752 ziangalie mara mbili, mwaka wao ulianza 25 Machi.

Lincoln mwenyewe aliandika 1859 kwamba kuna jitihada za kuunganisha ukoo wao na kina Lincoln wa New England lakini hamna walichopata zaidi ya kufanana kwa majina, Enoch, Levi, Mordecai, Solomon, Abraham. Hakudai. Baadaye watafiti walipanda kizazi kwa kizazi kwa hati, Virginia, Pennsylvania, New Jersey, wakafika kwa Samuel Lincoln aliyeingia Hingham, Massachusetts 1637. Kumbe majina yalikuwa yanasema kweli, ila yalihitaji karatasi.

DNA, yaani kipimo cha vinasaba, ije mwisho. Itakusaidia kuthibitisha kundi ulilolipata hatua ya 6, ukikuta vinasaba vyako vinalingana na vya wazao wa wale majirani. Ukiwa na hela ya kipimo kimoja tu, usimpime mtoto, mpime mzee wa ukoo aliye hai, huyo ana sehemu kubwa zaidi ya hao mababu, na umuombe ruhusa vizuri umueleze matokeo yatakaa wapi na nani ataona.